Nilipanga safari ya van kwenda hifadhi za jangwani, ukoo wa mume ukakaa kikao ukanitoa kwenye safari yangu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo sijaleta chai. Nimeleta hasira. Na sitaongeza chumvi, maana mume wangu yumo humu jukwaani, huwa anajifanya mchambuzi wa siasa. Nikidanganya popote aje anisahihishe kwa ID yake ile ile anayodhani siijui.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Hilliard, pembeni ya Columbus, Ohio. Nimeishia form four, shule ya kata. Wa kusahihisha lugha mtulie kwanza, mkimaliza kusoma ndo mje.

Nafanya kazi warehouse. Kazi yangu ni kuskani maboksi. Boksi likipita, biip. Lingine, biip. Nikilala nasikia biip. Nilipojifungua huyu wa pili, Rayan, nilirudi kwenye biip mapema kuliko mwili ulivyotaka. Baba Ilham akaniona navyolia jikoni akasema, mke wangu, vumilia, tutaenda popote utakapo.

Nikataka jangwani.

Msicheke. Niliona video ya mama mmoja wa kizungu na van yake, kaufungua mlango wa nyuma, mbele yake mawe mekundu mpaka macho yanaishia. Hakuna mtu. Hakuna kinachopiga biip. Nikasema hapo ndipo pangu.

Basi nikapanga. MIMI. Hifadhi za kule Utah: Zion, Bryce, mpaka Arches. Ndege mpaka Las Vegas, pale tunachukua van ya kukodi, tunazunguka nayo wiki nzima.

Kwa msiojua, ile van ni nyumba ndogo yenye matairi. Kitanda cha chini, kitanda cha juu kwenye paa, jiko la kuchemshia uji. Baba na mama chini, watoto juu. Kwisha.

Sehemu za kulala ndani ya hifadhi zinagombaniwa kama mchele wa msaada. Zikifunguliwa mtandaoni, ukipepesa macho zimeisha. Mimi nilizipata nikiwa nimejibanza kwenye choo cha kazini, supavaiza ananiita jina nje. Likizo nikaomba, nikapewa. Mkataba wa gari nikajaza kwa jina langu. Baba Ilham kazi yake ilikuwa moja tu: kunyamaza.

Akashindwa.

Akaiweka kwenye group la familia yao. "Insha'Allah tunaelekea jangwani na van." Akaweka na picha.

Hapo inabidi niwatambulishe watu wawili. Wifi yangu Mwajuma, dada wa mume, yuko Buffalo kule West Side. Ndiye anayeishi na baba mkwe wangu, mzee aliyekuja kutoka Same kutembelea watoto wake. Halafu shemeji Kassim, mdogo wa mume, yuko Louisville, anaendesha malori ya masafa marefu. Akiongea utadhani Marekani kaichora yeye.

Wifi akawa wa kwanza: "Mtamwachaje mzee? Mzee aone nchi!"

Kassim akafuata: "Bila mimi hamfiki. Hizo njia zote nazijua." Shemeji yangu huyu nchi nzima anaijua kwa vituo vya mafuta. Ukimuuliza Utah ikoje atakwambia kuna sehemu moja wanauza kuku mzuri.

Mume wangu akajibu nini? Dole gumba.

Nikaambiwa nibadilishe van, nichukue kubwa, ya kulala watu sita. Nikawaambia viwanja vya kulala nilivyopata ni vya gari fupi. Wakasema tutajua huko huko. Nikabadilisha kwa shingo upande.

Sasa wakuu, twendeni taratibu hapa.

Mzungu akikwambia gari linalala watu sita, yeye kahesabu mabega. Hajahesabu mkwe ni nani na mwali ni nani. Mimi nimelelewa Korogwe. Siku naolewa nilikanywa hata kukalia kitanda cha baba mkwe. Miaka yote hii nikimpigia simu ni shikamoo, marahaba, namkabidhi mwanawe, nakimbia.

Leo nilale naye kwenye kopo moja, katikati pazia?

Na hilo si kubwa. Kubwa ni choo. Kile choo ni droo wakuu. Kimefichwa chini ya benchi, unakivuta, unamaliza haja yako, unakirudisha. Na lile benchi usiku ndilo linakunjuliwa linakuwa kitanda cha mzee.

Yaani usiku nikibanwa, nimwamshe baba mkwe, "Samahani baba, jisogeze nivute choo."

Nikasubiri kikao cha Jumapili, maana kikao kilikuwepo, kwenye video. Baba mkwe kakaa kwenye kochi la wifi Buffalo, sisi tunaona paji la uso tu. Kassim akasoma njia. Wifi akasoma vyakula vya mzee. Halafu ikaja ajenda kuu.

Tisheti.

Sare za safari wakuu! Rangi ya udongo, mbele picha ya mzee, nyuma majina yetu. Ubishani wa rangi ya udongo na rangi ya kahawa ulichukua muda kuliko njia yote.

Nikauliza, "Na kulala je? Nani analala wapi?"



Wifi akakohoa. "Wifi, hayo tutayaongea pembeni."

Ilham wangu, yuko darasa la pili, alikuwa nyuma yangu anakula chipsi. Akainama kwenye simu: "But where is Babu gonna pee?" Yaani, Babu atakojolea wapi?

Jamani. Ghafla mtandao ukawa mbaya Buffalo. Ukawa mbaya Louisville. Mume wangu niliyekaa naye kochi moja akaanza, "Haloo? Haloo? Mnakatakata."

Wakaongea pembeni kweli. Pembeni ambako mimi sipo.

Siku ya tatu Baba Ilham karudi na sambusa za kwa Msomali. Mwanaume ambaye mkate tu mpaka umkumbushe mara mbili. Nikajua kuna msiba.

"Mke wangu, tumekaa, tukaona..."

"Mmekaa na nani?"

"Familia."

"Na mimi ni nani, mpangaji?"

"Sikiliza basi. Kule kuna vumbi, Rayan ana kifua. Na mambo ya heshima na mzee, si unaelewa. Tumeona wewe na watoto mpumzike nyumbani. Sisi wanaume tukimzungusha mzee, mwakani tunaenda wote."

Wakuu, narudia kwa wanaosoma wanaruka mistari. Safari yangu. Likizo yangu. Viwanja nilivyovipatia chooni. Nimeondolewa kwa sababu ya HESHIMA. Nani kaleta kisababishi cha hiyo heshima kwenye gari langu? Mimi?

Sambusa nilikula zote.

Kesho yake mchana, break ya kazini, nikakaa kwenye gari parking nikafanya kitu ambacho mama yangu akisikia atavunja udhu. Nilimpigia baba mkwe. Moja kwa moja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo. Baba, nina jambo la aibu kidogo."

"Sema."

"Lile gari la safari, choo chake kinavutwa kama droo. Kinatoka chini ya kitanda chako."

Akapunguza sauti ya TV ya wifi.

"Changu mimi?"

"Ndiyo baba. Na sisi tunakuwa nyuma ya pazia."

"Astaghfirullah."

Halafu akaniuliza swali lililonimaliza nguvu: "Kwani nani alisema mimi nataka kwenda?"

Kumbe mzee wa watu kaambiwa mkwe wako kakuandalia safari, ukikataa atavunjika moyo. Akakubali kwa ajili yangu! Mimi nalia Columbus, yeye anajikaza Buffalo, tunafanyiana adabu kupitia watu wasio na adabu.

"Mimi nimezaliwa Same," akasema. "Vumbi nalijua tangu halijawa vumbi. Nipande ndege nikaangalie ukame wa watu? Hapa wanasema kuna maji makubwa yanaporomoka, mwendo wa kwenda kununua mkate. Tangu nifike naomba. Mwajuma ananiambia subiri nipate off. Nimeonyeshwa maduka tu."

Niagara hiyo wakuu. Mzee kapangiwa kuvushwa nchi nzima, na maporomoko yaliyo puani pake hajapelekwa.

"Basi baba utawaambia?"

"Nitawaambia. Ila la choo silisemi. Nitasema miguu."

Jioni ikaja voice note kwenye group: miguu inasumbua, safari basi. Mimi moyoni nikapiga vigelegele. Heshima si imeondoka? Basi mke karudi kwenye safari.

Thubutu.

Baba Ilham kaja jikoni anachekacheka: "Mzee haendi. Sasa Kassim anasema ile nafasi aje rafiki yake wa Louisville, yule fundi magari, maana njia ni mbaya. Wewe pumzika kama tulivyopanga."

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Mzee hakuwa sababu. Mzee alikuwa pazia.

Sikupiga kelele. Nilichukua simu, mkataba si uko kwa jina langu? Nikabadilisha tena, nikarudi kwenye van ndogo ya mwanzo. Madereva wote walioandikwa kwenye mkataba nikafuta, nikabaki mimi. Halafu nikamwambia mbele ya watoto: "Gari ni lile dogo. Kitanda cha chini ni cha mume na mke. Ukija kama mume, karibu. Ukija kama mwanakamati, baki na kamati."

"Umeniaibisha kwa ndugu zangu."

"Wapelekee tisheti."

Amenuna mpaka leo. Wifi kanitumia ujumbe kwamba wanawake wa siku hizi hatuna haya. Nimemjibu ampeleke baba yake akaone maji. Jana nimeona picha kwenye group: mzee yuko Niagara, kavaa koti la mvua la bluu wanalogawiwa watalii pale, kalowa mpaka kope, anacheka meno yote.

Nilichojifunza: safari ikipata sare kabla ya kupata choo, ujue hiyo si safari, ni kikao. Na dada zangu mlio ugaibuni, jambo la aibu liseme wewe mwenyewe, mapema, kwa mhusika. Ukisubiri waliongee pembeni, utakuta pembeni ndipo ulipowekwa.

Mabegi nimefunga, langu na la watoto. La kwake halijafungwa, na sitalifunga. Nguo zake anajua zilipo.

Karibuni mchangie. Wa kunifundisha heshima, tangulieni mkalale na wakwe zenu kwenye van, halafu mrudi hapa na uzi.

Swali langu ni kwa waliowahi kuendesha kule tu: kwenye ile miteremko mirefu ya Zion, mnakanyaga breki au mnashusha gia? Naomba majibu ya maana, tunaondoka Jumamosi.