Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Tumechoka sote wawili, mama na mimi, na afadhali niliseme hilo mapema kabla mtu hajanidhania fundi mwenye furaha. Natarizi mashuka ya maharusi na vitambaa vya makochi. Wateja wangu wanataka tausi. Hapa Rumonge, Burundi, sijakutana na mtu aliyewahi kumwona tausi, ila kila bibi harusi anataka wawili, wakitazamana, na waridi katikati. Nimewatarizi mpaka nawachukia. Juzijuzi mteja mmoja alinirudishia kitambaa kwa sababu niliandika "Karibu Mgeni", Kiswahili cha Tanzania nilikokulia. Akasema nimekula herufi, huku ni "Mugeni". Nikabana meno, nikaichomeka ile u.

Kama bado nashika sindano, ni kwa ajili ya asubuhi. Nachemsha mchaichai, vikombe viwili vya bati, bila sukari, maana ugonjwa wa sukari ndio uliompofusha mama. Kisha nanawa mikono kwa sabuni na kipande cha limau, nasugua mpaka ndani ya kucha. Mji huu wote unanuka mawese, na mawese yakigusa shuka jeupe hayatoki hata kwa maombi. Halafu naketi mkekani karibu na mama, nageuza kazi ya jana upande wa nyuma, namkabidhi. Yeye hupitisha kidole gumba juu ya mishono, mstari kwa mstari, bila haraka. Akimaliza husema neno moja: "Fumua", au "Endelea". Akisema fumua, nafumua.

Ndiye aliyenifundisha, kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania, nikiwa mdogo hata kandambili navaa mguu siyo wake. Mama wa wenzangu walisifu maua. Wangu aliyageuza kwanza. "Mbele ni ya wageni," alikuwa akisema. "Nionyeshe kwako." Kwangu kulikuwa na mafundo na nyuzi zilizorukaruka kama mbuzi, nami nilifumua nikilia. Tuliporudi Burundi macho yake yakaanza kufifia, na yalipozima kabisa nilihuzunika lakini sikuogopa, kwa kuwa kidole kilibaki.

Mtu asiyefanya kazi hii peke yake, siku nzima, miaka nenda miaka rudi, hawezi kujua kidole kile kilikuwa nini kwangu. Saa nane mchana, mgongo unauma, jua liko kwenye mabati, hakuna anayekuona. Ni rahisi kuruka mishono miwili. Nilikuwa nikimkumbuka mama na kidole chake cha kesho asubuhi, nauvuta uzi vizuri. Nilijua kabisa kwamba siku kitakapokosekana nitabaki mshona tausi tu, nikamwomba Mungu akitunze.

Asubuhi moja ya masika nilimpa kikombe kikiwa bado kinachemka, kwa haraka zangu. Alikikumbatia kwa viganja vyote viwili, akanywa, akaanza kulalamikia bei ya ndagala, dagaa wa huku. Jioni nikaona lengelenge kwenye kidole gumba, limetuna.

"Mama, umeungua hapa."

"Wapi?" akauliza.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo bado naona haya kulitaja. Nyuma ya bawa la tausi, kwenye shuka nililokuwa nikilitarizi, nilifunga fundo kubwa kama punje ya haragwe. Nikachemsha mchaichai, nikanawa, nikampa lile shuka upesi, kama mtu anayepitisha chumvi mezani. Kidole kikapanda juu ya fundo, kikashuka, kikaenda zake.

"Endelea," akasema.

Nikamuuliza, tangu lini?

"Mwaka umepita. Vidole haisikii kitu, mwananje. Hata kijiko inaanguka, sijui."

"Na mwaka wote huo unaniambia nifumue? Ulikuwa unajuaje?"

"Kazi ikiwa mubaya, unanipa polepole," akasema. "Ikiwa muzuri, inafika mbio. Leo imekuja mbio, nikasema endelea."

Nikamtupia methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Mwaka mzima nilidhani nina mwenzangu katika kazi hii, kumbe nilikuwa nimekaa peke yangu mkekani.

Siku mbili sikumpa kitambaa. Chai nilimwekea, nikaondoka. Lile shuka nililimalizia vivyo hivyo, na fundo lake, na shingo ya tausi wa pili imepinda, na waridi lenye mishono niliyoiruka. Mwenye shuka akaja kutoka Magara. Alilikunjua, akapiga kigelegele, akasema murakoze cane, asante sana, akalikunja. Hakuligeuza. Nilimtazama akienda zake kwenye barabara ya ziwani, natamani arudi anitukane. Hakurudi. Ningeweza kushona ovyo hivyo mpaka kufa kwangu na wote wangenishukuru. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka mchana ule.

Asubuhi ya tatu niliketi tena karibu na mama, nikamwambia nimetoa kazi mbaya.

"Kosa gani?"

Nikamweleza moja baada ya jingine. Fundo. Shingo. Waridi. Alisikiliza mpaka mwisho wala hakunipa pole. Kisha akafuta kiganja kwenye kitenge chake, akanyoosha mkono.

"Lete ya leo."

"Mama, husikii kitu."

"Lete."

Nilikuwa na shuka jipya mapajani, nililolianza jana yake nikiwa na kinyongo. Nililigeuza. Nikalinyanyua kuelekea mkono wake, na mkono wangu ukachelewa.

Kitambaa kilikuwa hakijamfikia bado aliposema, "Fumua."