Herufi Sita za Masizi

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoandikwa jina la mwanamume mkononi, upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko. Ilikuwa miaka ya vita. Treni zilikuwa zimelala stesheni, majani yakiota katikati ya reli, na kutoka mtoni hakikufika kitu. Chumvi tuliipima kwa kijiko cha chai. Vitu vichache vilivyoingia Kindu, mji wetu, vililetwa kwa baiskeli, tena baiskeli zenyewe hazikupandwa. Vijana walizisukuma porini siku nyingi, mizigo imewafika kifuani.

Mmoja wao alikuwa mchumba wangu, au tuseme mimi nilimhesabu hivyo, kwa maana nyumbani kwetu alikuwa hajatuma mtu kuposa. Aliniaga akaenda na chumvi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Pangi. Alisema majuma matatu. Yakapita manane. Kila siku tulisikia habari za watu walioondoka hivyo hivyo wakapotelea njiani, na wazazi wao hawakujua hata wakalie wapi.

Rafiki yangu, binti wa nyumba ya pili, ndiye aliyeniandika. Alifunga sindano tatu kwa uzi, akachanganya masizi ya taa ya mawese na maji kidogo, tukajificha nyuma ya jiko lao mchana, mama yake amelala. Ilichukua michana mitatu. Jina lilikuwa na herufi sita. Ile ya tatu aliigeuza, ikatazama upande usio wake, na alipotaka kuisahihisha aliichoma mara ya pili, akaizidisha tu ubaya.

Siku tano baadaye nilikuwa natwanga majani ya muhogo ya sombe, mkono wa gauni ukapanda. Mama aliusoma mkono wangu polepole, herufi kwa herufi, kisha akanitazama usoni.

"Weye uko daftari?" akaniuliza.

Nikaushusha mkono wa gauni. Alinishonea gauni mbili za mikono mirefu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniona kiwiko.

Yule kijana hakufa, ashukuriwe Mungu. Alikaa kulekule machimboni. Amani iliporudi naye alirudi, amenenepa vizuri, ana mke na mapacha. Tulikutana njia ya bandarini akanisalimu kwa furaha, "Dada, mulipona wote kwenu?" Nikamwambia tulipona. Kulia nilikuwa nimekwisha kulia zamani, nikabaki kuwatazama mapacha wake, ambao kwa kweli walikuwa wazuri.

Mume niliyempata ni fundi wa mabehewa katika karakana ya reli. Kabla ya ndoa nilimwonyesha mkono, sikutaka aukute mwenyewe. Aliushika akautazama kwa makini, kama anavyotazama gurudumu.

"Kule kazini," akasema, "behewa moja linaandikwa namba mara nyingi. Ile ya zamani haifutike yote. Lakini behewa linatembea."

Hayo ndiyo maneno yake yote juu ya jambo hilo kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulizaa watoto wanne. Yule mwenye jina akafungua duka la mabati karibu na bandari, na tulipojenga nyumba mume wangu alinunua mabati kwake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mazuri.

Shida ililetwa na mjukuu wangu wa kike, alipoanza kujua kusoma. Alikuwa anasoma kila kitu: mifuko ya sementi, chupa za dawa, kanga za wageni. Sikukuu moja ya Idi tulikuwa na wageni wanne, wenzake mume wangu kazini, na mimi nilikuwa nimejisahau, nimekunja mikono ya gauni nikipakua wali. Mtoto akanishika kiwiko, akasoma kwa sauti ya darasani, mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Koko, hii njo jina ya nani?"

Mgeni mmoja, mzee mwenye sikio zuri, akasema, "Hilo si jina la yule wa mabati?"

"Njo yeye," mume wangu akajibu. "Munipitishie chumvi."

Wageni walipokwisha kuondoka nilimkuta ameketi mlangoni, mabega yanatikisika. Nilidhani amekasirika. Kumbe anacheka mpaka machozi. "Jina lake mukononi, mabati yake juu ya kichwa," akasema. "Huyu bwana ametuzunguka."

Nilicheka naye, lakini aibu ilinibaki. Mwaka huohuo binti yetu mkubwa, muuguzi huko Lubumbashi, alikaribia kujifungua akaniita nikamsaidie. Nilipomsimulia habari ya Idi aliniambia kuna daktari wa ngozi mjini kwao anayefuta michoro kwa leza.

"Leza si ya macho?" nikauliza. Nilikuwa na jirani aliyetibiwa macho kwa leza.

"Ya macho iko, na ya ngozi iko. Ni mwanga, mama. Kila mashine na mwanga wake."

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye sauti ya taratibu. Aliuliza nani aliandika, kwa kitu gani, nikamwambia masizi. Akafurahi. Alisema wino wa masizi wa nyumbani mara nyingi hutoka upesi kuliko wa mafundi wenye rangi nyingi. Kilichomtia wasiwasi ni ngozi yangu. Ngozi nyeusi ina rangi yake yenyewe, na mwanga usiochaguliwa vizuri huishambulia hiyo rangi badala ya wino, ukaacha kovu au baka. Mashine yake ilikuwa na mwanga unaopita chini zaidi, lakini hata hivyo alijaribu kwanza kwenye ncha ya herufi ya mwisho, akanirudisha nyumbani kwa binti yangu mwezi mzima aone ngozi itasema nini. Ngozi haikulalamika.

Siku yenyewe tulivaa miwani mizito, yeye na mimi. Mashine ilikuwa na ukubwa wa friji ndogo, ina mkono mrefu wenye kalamu mwishoni. Ikaanza kulia ta, ta, ta, na kila mlio ulikuwa kama tone la mafuta ya sambusa linaporukia ngozi. Nilikaza meno. Lakini sindano za rafiki yangu zilichukua michana mitatu, hii haikufika dakika tano. Nilipovua miwani, herufi zote sita zilikuwa nyeupe kama zimenyunyiziwa unga.

"Zimekwisha?" nikauliza.

"Bado, mama. Huo weupe utapita sasa hivi. Mwanga haufuti wino, unauvunja. Vipande vidogo vile vinabebwa na mwili wako wenyewe, pole pole, majuma mengi."

"Vinapelekwa wapi?"

"Vinazunguka ndani, vingine vinatoka, vingine vinabaki humo bila madhara."

"Kwa hiyo atanizunguka mwili mzima kabla ya kuondoka," nikasema. Daktari alilazimika kuweka kalamu chini ili acheke.

Nilirudi mara tatu tena, kila mara baada ya majuma manane. Katikati nilimwogesha mjukuu mpya, nikapika, nikapaka mafuta ya dawa mkononi. Mume wangu alinipigia simu kila Ijumaa. "Bado herufi ngapi?" Nikamwambia ya kwanza imepauka, ya pili haisomeki. Nikagundua kwamba karakana nzima inafuatilia, kwa sababu nyuma yake nilisikia mtu anauliza, "Na ile ya kugeuka?" Ile ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu. Ilichomwa mara mbili, masizi yake yalikuwa chini kabisa.

Safari ya tatu nilikuwa nimelala pale na miwani yangu. Nilimwona yule msichana wa miaka kumi na tisa nyuma ya jiko, amebana pumzi. Nilikuwa nimemcheka miaka yote hii kwa upumbavu wake. Lakini alijua vijana wanapotea msituni na hakuna anayewaandika popote. Alitaka wake, akifa, awe ameandikwa mahali. Machozi yakanitoka chini ya miwani. Daktari akasimamisha mashine.

"Inauma sana leo?"

"Hapana," nikamwambia. "Endelea, mama. Mwenye jina anauza mabati, mzima kabisa."

Baada ya safari ya nne alisema tuache hapo, tukizidisha ngozi itapoteza rangi yake. Ukinitazama kwa karibu utaona madoa mepesi, kama mahali palipoungua zamani. Kusoma huwezi. Nilimpa yule mjukuu aliyenisoma siku ya Idi ajaribu kwa simu ya video, yeye akiwa Kindu, akakunja uso, akasema, "Koko, hapo hakuna kitu."

Nilirudi Kindu kwa ndege, saa sita mchana. Mume wangu alinisubiri nje ya uwanja na mwavuli mweusi mkubwa, ingawa hapakuwa na wingu. Hakuuliza habari za safari. Alinyoosha mkono wake, nami nikampa wangu, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Usiuweke juani," nikamwambia. "Munganga amekataza."

Akafungua mwavuli, akaushikilia juu ya mkono wangu mmoja, mwili wangu wote nje unaungua, mpaka pikipiki ikaja.