Barua ya Kizungu na Farasi Asiye Wetu

Baba alikwisha kupeleka barua tatu bomani, kuomba ile barabara mpya ya Temeke isipite kwenye minazi yetu. Yeye alisema, mie nikaandika. Jibu lilipofika lilikuwa la Kizungu, na hapo hapo Baba akaingiwa na shaka. Sie tumeandika Kiswahili, na Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, Kiswahili anakijua mpaka cha kutukania watu. Mtu akigeuza lugha katikati ya mazungumzo, alisema Baba, ana jambo analificha.

Akanipa nisome. Nikasoma kama lilivyo: wanasema unamchapa mijeledi farasi aliyekwisha kufa.

Nyumba nzima ikanitazama. Bahati yangu mbaya, wiki ile ile nilikuwa nimemsomea mjomba barua ya mchumba wake nikatia chumvi kidogo, akavunja uchumba kwa siku mbili. Nani ataniamini? Mama akauliza farasi huyo wa nani na kafa lini. Baba akasema huo ndio mtego wenyewe: wanatutafutia kesi ili waikate minazi kihalali. Na farasi tulikuwa tukiwaona kwa mbali tu, wamebeba Wazungu, kuwagusa hatujapata.

Akanishika sikio mpaka kwa mwalimu wangu. Mwalimu akasoma, akacheka, akauona uso wa Baba, akaacha.

"Mzee wangu, hapa hapana farasi. Ni msemo wao. Sie tungesema unatwanga maji kwenye kinu."

"Yaani wamekataa."

"Wamekataa."

Baba akaliachia sikio. Akataka kujua kwa nini wenye amri yote hiyo washindwe kuandika hapana. Mwalimu akaikunja barua, akamrudishia. Alikuwa na kazi ya serikali.

Tulipofika nyumbani Baba akaniambia nishike kalamu. Nikamuuliza, kwa adabu zangu zote, kama barua ya nne nayo si maji yale yale na kinu kile kile.

"Andika," akasema. "Hapana yao sijaipokea. Wailete kwa Kiswahili, ndipo nitaisikia."

Jibu halikuja. Walikuja watu watatu na mashoka. Baba akawakaribisha maji ya kunywa, akawaomba karatasi ya Kiswahili. Hawakuwa nayo. Wakanong'onezana, wakasema wanakwenda kuifuata, na hadi leo hawajarudi. Majirani wanasema tumeshinda. Baba haamini, kila asubuhi, hata uso hajanawa, anatoka kuihesabu minazi.