Mkalimani wa Mtihani Wangu Mwenyewe

Makubaliano ya vyuo viwili yalikuwa na kurasa chache, nami nilizijua kwa ghibu. Shahada moja ya uzamivu, nchi mbili, msimamizi mmoja Lusaka na mwingine Lubumbashi. Mmoja wao akikataa kutia sahihi, shahada haipo. Hayakusema kama mtihani ufanyike mlango ukiwa wazi au umefungwa. Wala hayakusema nani atatafsiri ikiwa mkalimani hatafika.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, katikati ya miaka ya sabini, katika chumba cha mikutano cha boma la Nchelenge, ufukoni upande wa Zambia. Hapo ndipo walimu wangu wote wawili waliweza kufika. Wa Lusaka, mzungu aliyekwisha kuishi kaskazini mwa nchi kwa miaka mingi, alikuja kwa gari. Wa Lubumbashi alivuka kwa mashua kutoka Kilwa, Kilwa ya Ziwa Mweru upande wa Zaire, si ile ya Pwani, akiwa na kibali cha kukaa kando ya ziwa tu. Hawakuwahi kuonana. Walikuwa wakigombana kupitia kwangu. Sura ikienda Lusaka ilirudi na agizo la kufupisha. Ikienda Lubumbashi ilirudi na agizo la kurefusha. Kila sura niliiandika kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa. Wazazi wangu ni watu wa upande huu wa ziwa, lakini baba alifanya kazi migodini Katanga na shule nilianzia huko, ndiyo maana vyuo vilinichagua. Kila nilipovuka nilikaa juu ya magunia ya samaki wakavu, bahasha nimeikumbatia isilowe. Kufikia siku ile nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitaka waseme lolote, mradi waseme mwisho.

Utafiti wangu ulihusu jinsi wavuvi wa pande mbili wanavyomaliza ugomvi bila polisi. Wavu wa mtu wa Zaire ukikatwa na mtu wa Zambia, watu hukutana ufukoni. Mshtakiwa hafungui kinywa. Husemewa na mtu wa ng'ambo, kwa sababu mtu wa kwao, wanasema, atamdanganyia. Na kesi ikiisha, hairudiwi kutajwa. Kwa hiyo niliyoyaandika niliyapata vipande vipande, kutoka kwa watu waliokubali kunieleza desturi lakini si kesi.

Mlango ulituchukua asubuhi nzima. Mwalimu wa Lubumbashi alisema kwao mtihani wa namna hii ni wa hadhara, mlango lazima uwe wazi. Mwalimu wa Lusaka alisema kwao ni wa faragha. Wakaafikiana kuuacha wazi bila kumruhusu mtu kuingia. Kisha ikaja habari kwamba mkalimani amebaki Kilwa na homa.

"Basi, tafsiri wewe," akasema mmoja kwa Kiingereza. Mwenzake, bila kumwelewa, akasema neno lile lile kwa Kifaransa.

Nikasimama katikati ya meza mbili.

"Mwambie mwenzangu," alianza wa Lusaka, "kwamba sura ya tatu ni masimulizi matupu. Mtahiniwa hajaona kesi hata moja kwa macho yake."

Nikamgeukia wa Lubumbashi. "Anasema sura ya tatu ni masimulizi matupu. Anasema sijaona kesi hata moja."

"Mwulize kama yeye amewahi kuiona dunia ikizunguka."

Nikauliza. Wa Lusaka hakucheka.

Wafanyabiashara wa samaki waliokuwa wakipita kwenda sokoni walianza kusimama mlangoni. Walichokiona ni wazee wawili wameketi, mtu mmoja kasimama mbele yao, na sauti zinapanda.

"Ameiba nini?" mmoja aliuliza.

"Kitabu."

"Kitabu ya nani?"

"Yake yeye minyewe."

"Ah! Basi wamufunge. Mwizi wa vile hana akili."

Wakacheka. Mimi niliendelea kubeba maneno huku na huko, hata yale ambayo ningependa kuyaacha njiani. Hatimaye mwalimu wa Lusaka alivua miwani. "Mwambie kwamba, kwa kipimo chetu, kazi hii haitoshi kuwa ya uzamivu."

Kwa Kifaransa kulikuwa na njia tatu za kulilainisha neno lile, na zote zilinijia. Nikalisema kama lilivyo. Nakumbuka kwamba nilisema "kazi yake", kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Hapo ndipo beseni la samaki lilipowekwa sakafuni kwa kishindo. Alikuwa mama wa Kilwa, mchuuzi aliyepanga chumba katika ua ule ule niliopanga mimi. Aliingia kama mtu aingiaye jikoni kwake.

"Ba papa, pardon. Huyu mutoto eko na mulandu gani?" Mulandu ndiyo kesi, kwa watu wa ziwani.

Mwalimu wa Lubumbashi alitabasamu. "Hakuna mulandu, mama. Ni masomo tu."

"Masomo? Ule papa anamugombeza, na yeye minyewe ndiye anakuletea magombezi! Mutu habebake mulandu yake mu kinywa yake. Yeye ni wa huku, mimi ni wa Kilwa. Nitamusemea."

"Anasema nini?" aliuliza mwalimu wa Lusaka.

Nilifungua kinywa. Mama akaninyooshea kidole. "Wewe, nyamaza. Kazi yako imeisha."

Akamgeukia mzungu na kumweleza yote upya kwa Kibemba, lugha inayosikika pande zote mbili za ziwa. Mzungu akamjibu kwa Kibemba, taratibu, kwa adabu ya mtu aliyejifunzia vijijini. Mwalimu wa Lubumbashi akaacha kutabasamu, akaegemea mbele, akasema neno naye. Kwa Kibemba. Kumbe ndiyo lugha ya mama yake mzazi.

"Unakijua?" mzungu alishangaa.

"Hukuniuliza."

Niliketi bila kuruhusiwa. Nilikumbuka bahasha zote zile.

"Alors, muko na luga," mama alisema. "Huyu atoke. Mimi nitabaki."

Nje, kando ya ukuta, palikuwa na magunia ya samaki yakisubiri gari la Mansa. Nilijilaza juu yake nikisikiliza sauti zao zikipanda na kushuka. Maneno makubwa ya vyuo hayakuwa na Kibemba chake, ikawabidi watumie madogo. Nilisinzia kabla sijajua nani anashinda.

Mama aliniamsha kwa kunivuta mguu. "Amuka. Wanakula."

Walikuwa wakila ugali na samaki wake katika sahani moja. Mwalimu wa Lubumbashi alikuwa amekwisha kutia sahihi. Wa Lusaka alifuta vidole. "Hili la leo," aliniambia kwa Kiingereza, "huyu mama kukusemea. Ndiyo desturi yenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi umeiona, na mimi nimeiona. Iandike, nami nitatia sahihi."

Niliwatafsiria mara ya mwisho, maana mama alitaka kujua nimeambiwa nini. Akatikisa kichwa hata kabla sijamaliza.

"Hapana. Mulandu imeisha. Haisemwake tena." Ruhusa ya kuisimulia hapa alinipa miaka mingi baadaye, alipokwisha kuacha biashara, akisema walioketi wote wamekufa ila sisi wawili.

Siku ile hakulegea. Mwalimu wa Lusaka alimtazama, akanitazama, akarudisha kalamu mfukoni. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba atangoja nilete kesi nyingine, niliyoiona na ninayoruhusiwa kuiandika.

Jioni mashua ya Kilwa iliondoka na msimamizi mmoja, gari la Lusaka likaondoka na mwingine. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Zaire. Mama alinisaidia kubeba karatasi hadi uani, nyingine kichwani kwake ndani ya beseni tupu, nyingine mkononi mwangu.

"Utabaki na sisi mwaka ingine," alisema, na alionekana kufurahi.

Nikamwuliza kama anajua mtu yeyote ambaye wavu wake umekatwa.