Mchuzi wa Jirani na Lengalenga Yetu

Kabla hatujahamia kijijini sikuwahi kujua jirani anakula nini. Nyumba zilikuwa mbalimbali, kila moja imezama katika migomba yake, na moshi wa jikoni ulipotea kabla haujavuka bonde. Miaka ile ya sabini, tulipopangwa kwenye mistari ya nyumba za vijiji vya ujamaa huku wilayani Kasulu, tulipewa kiwanja kando ya muuza nyama. Kuanzia hapo wivu uliniingia kupitia puani.

Jirani yule alichinja mbuzi siku za gulio, na nyama nyingine aliipeleka kuuza hadi njia ya Kibondo. Iliyobaki ilichemshwa nyumbani, na harufu yake ilikuja kwetu bila kukaribishwa. Sisi tulikuwa na maharage na lengalenga, majani ambayo watu wa pwani huyaita mchicha. Mama aliyapanda nyuma ya jiko, pale tulipomwaga majivu.

Binti wa jirani alisoma nami darasa moja. Alikuja shuleni midomo inang'aa mafuta, na nadhani aliacha kujipangusa makusudi.

"Jana mlikula nini kwenu?" aliniuliza mbele ya wenzetu.

"Mboga."

"Mboga gani?"

Nikainama kutafuta kalamu yangu, naye akajijibu mwenyewe:

"Majani tena! Ngoja, baba akikosa mbuzi wa kuchinja atakuja kuwachukua ninyi."

Walicheka wote. Nami nilicheka kidogo, maana sikujua la kufanya na uso wangu.

Mama zetu walikuwa wamejifungua msimu mmoja, wakati wa kupanda maharage, na wote walipata wavulana. Wa kwetu alikuwa mwembamba, shingo kama ya kifaranga. Wa kwao alikuwa na mashavu yaliyojaa, miguu minene, na nywele laini zenye rangi ya udongo. Watu walisema amezichukua kwa babu fulani wa pwani. Akina mama waliopita asubuhi walisalimu "Mwakeye" kwetu na kuendelea na safari. Kwa jirani walisimama, wakamshika mtoto shavu, wakasifu. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni na kugeuka upande wa pili ili wasitulinganishe.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia mama kwamba mtoto asipoongezeka uzito, atapelekwa hospitali mjini Kasulu, na lazima mtu wa nyumbani akae naye huko. Mama alihitajika shamba la kijiji. Baba alisema nitakwenda mimi. Nilikuwa darasa la saba na mtihani ulikuwa umekaribia, kwa hiyo masomo yangu yote yalining'inia kwenye mizani ya kliniki pamoja na mdogo wangu.

"Mama, tubadilishane na jirani," nilisema jioni moja. "Tuwape lengalenga, watupe mchuzi wa nyama."

Mama hakuinua kichwa. "Umemwona nani ameshiba kwa kunusa?"

Akanipa mchi. Muuguzi alikuwa amemwonyesha namna ya kuponda maharage yaliyoiva pamoja na lengalenga, kisha kutia mawese kidogo. Niliponda kwa hasira, macho yangu yakiwa kwa jirani. Mlango wao ulikuwa wazi. Baba wa nyumba alikuwa na sahani ya nyama mbele yake, binti yao, ambaye licha ya yote nilimwita rafiki yangu, alikuwa na mfupa, na mama yao alichovya ugali wa muhogo katika mchuzi akimlisha mtoto. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Waha wengi: nyama huleta minyoo tumboni mwa mtoto, na nguvu yake yote, tuliamini, imeshatoka ikaingia katika mchuzi. Nami niliamini. Sikumwonea wivu yule baba na sahani yake. Nilimwonea wivu mtoto na kile kibakuli.

Siku ya kliniki ikafika, nikampeleka mdogo wangu mimi, mama akiwa shamba la kijiji. Muuguzi alikuwa mtu wa pwani, Kiha hakukijua, na akina mama wengi walikuwa na Kiswahili cha salamu tu. Aliyetafsiri alikuwa binti wa jirani, nani mwingine? Maneno yote niliyajua, mengine kabla hajayatamka, lakini mbele ya watu sikuthubutu kuyasema. Hata kutafsiri huko nilimwonea wivu.

Mdogo wangu akaning'inizwa kwenye mizani. Muuguzi akatazama, akatazama tena.

"Ameongezeka. Si sana, lakini ameongezeka. Anakula nini?"

"Majani, sista!" alijibu rafiki yangu kwa niaba yangu. Watu wakacheka.

Muuguzi hakucheka. Alinitazama mimi. "Majani na nini?"

"Na maharage," nilisema, nadhani aliyenisikia ni yeye peke yake.

Akafuata mtoto wa jirani. Akina mama walimpisha kama anapita bwana harusi. Muuguzi hakumpima kwanza. Alishika mguu wake, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaachia. Kishimo kilibaki pale pale, kama kidole kilichoingia kwenye ugali.

"Huyu hajanenepa," alisema. "Amevimba. Anapewa nini?"

"Nyama, sista."

"Nyama yenyewe au mchuzi?"

"Mchuzi," alisema rafiki yangu, sasa kwa sauti ndogo.

"Nyama ni nzuri," muuguzi alisema. "Inajenga mwili, na majani peke yake hayawezi kuishinda kwa hilo, nisiwadanganye. Lakini nyama imebaki kwenye sahani ya baba. Mchuzi ni maji yenye harufu. Maharage yale yanajenga mwili, na mchicha unaongeza damu. Huyu ana unyafuzi, ugonjwa wa kukosa chakula cha kujenga mwili; aende hospitali. Mwambie mama."

Rafiki yangu alimtazama mama yake, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kisha akanitazama mimi. Siku ngapi nilikuwa nimeomba mdomo ule ufungwe! Nikasema mimi, kwa Kiha, polepole:

"Mama, anasema mtoto anaumwa. Anasema ule si unene."

"Lakini sisi tunakula nyama!" mama yule alinijibu, kana kwamba nilikuwa nimemnyang'anya.

Walipanda lori kwenda Kasulu mjini, na rafiki yangu akaenda nao kumuuguza. Mimi nilifanya mtihani, nafasi yake kwenye dawati ikiwa tupu. Ningepaswa kufurahi. Lakini alirudi na kandambili mpya na maneno ya mjini, akisimulia taa za umeme na maziwa waliyopewa wodini, nami nilikuwa sijawahi kufika mbali kuliko kijiji cha Kitanga. Mdogo wake alirudi mwembamba, kisha akaanza kunenepa unene wa kweli.

Baada ya hapo rafiki yangu alikuja kwetu kila jioni na kikapu. Mama alimwonyesha namna ya kuchuma lengalenga. "Chuma ncha, binti yangu, shina liache lichipue." Mimi nilifundishwa hilo hilo kwa makofi, na neno "binti yangu" sikulisikia.

Siku moja mama yake alituletea nyama katika jani la mgomba, nyama tupu isiyo na mfupa. Baba alisogeza kigoda. Mama aliikatakata yote ndogondogo, akaitia kwenye kinu cha mtoto pamoja na maharage na lengalenga. Baba akakohoa. Mama akaendelea kuponda.

Mdogo wangu alikula mpaka akasinzia. Mimi niliachiwa mchi niulambe. Nilisikia ladha ya maharage, nikasikia ya lengalenga. Nyama sikuisikia.