Nondo Wangu Asiye Mdomo na Panya wa Tibirinzi

Kisa hichi kinanionesha mjinga, najua, lakini nisikilizeni mpaka mwisho, mtaona nimedhulumiwa.

Chanzo ni binamu yangu Hamadi. Sote twauza samaki kwa baiskeli hapa Tumbe. Siku moja karudi kutoka Chake Chake akasema huko mtaa wa Tibirinzi, kwa Bwana Seif, kuna panya kaletwa kutoka jangwa la Arabuni: mdogo, miguu ya nyuma kama vijiti, aruka kama panzi, na tangu aje hajanywa maji. Nikamwambia hilo si ajabu. Mie nina nondo mkubwa, kipepeo wa usiku, nimemtoa mkarafuuni, hana mdomo kabisa. Asali nimempa, hana pa kuitilia. Tukawekeana sharti, nani ana mnyama wa ajabu zaidi: atakayeshindwa atauza samaki bila kutamka neno mpaka Ijumaa. Na mie, wallahi, samaki nauza kwa mdomo.

Asubuhi tukaondoka, nondo ndani ya mkebe wa biskuti niliotoboa matundu. Kila penye mashimo nashuka, nasukuma baiskeli taratibu. Hamadi akaniuliza kama nampeleka bibi harusi.

Tibirinzi tukafika adhuhuri. Bi Salma, mkewe Bwana Seif, akatukaribisha kahawa na haluwa, akakubali kuwa kadhi wetu. Panya yumo kizimbani, ndani ya waya. Bi Salma akataka amwone na nondo. Nikahofu nikimfungua ukumbini atatoka dirishani, basi kwa mkono wangu mwenyewe nikamfungulia mle kizimbani.

Panya akaruka mara moja. Yakabaki mabawa.

"Panya kashinda," akasema Bi Salma. "Wako yu wapi?"

Nikaghadhibika. Kwetu nondo akiingia nyumbani hafukuzwi, mgeni yule. Hapa mgeni kaliwa, na kahawa haijapoa! Nikawaambia panya huyu mwongo: nondo ana maji mwilini, basi keshakunywa. Bi Salma akanisogezea haluwa.

Kurudi, mkebe mtupu ulinigongea baiskelini njia nzima.

Nilichojifunza: ukitaka kulinganisha vitu viwili, usivitie kizimba kimoja.

Kesho yake nikasimama na tenga langu, nimefura, kimya. Hamadi anapiga kelele pembeni, na samaki wangu wakaisha kabla ya wake. Wa mwisho alichukuliwa na mteja wetu Bi Time, ambaye Hamadi alikwisha kumhadithia yote. Akanitazama nilivyofumba mdomo.

"Wala hukusema uongo, mwanangu," akanambia. "Asiye mdomo naye huishi."