Shule Iliyonifukuza Imeniita Kunipa Tuzo

Simu ilinikuta nimelala chali chini ya sinki la mteja, spana mdomoni, maji yananipiga usoni.

Mimi ni fundi bomba. Mwanamke, ndiyo. Shangaa umalize, tuendelee.

"Naongea na namba mia nne kumi na saba?" sauti ikauliza.

Jamani! Hiyo ni namba yangu ya sekondari. Shule yetu haikuwa na habari ya majina. Ukipokelewa unapewa namba, basi. Mstarini unaitwa kwa namba, chakula kwa namba, adhabu kwa namba.

"Ndiye mimi."

"Hongera sana. Umo kwenye orodha ya wanafunzi na watumishi walioipa shule heshima. Sherehe Jumamosi saa nne. Njoo na familia."

Nikataka kuuliza, bomba likafyatuka. Mpaka nije kulidhibiti, simu imeshakatika.

Nikabaki nimekaa kwenye dimbwi nacheka peke yangu kama chizi. Kwa sababu shule hiyo hiyo ndiyo iliyonifukuza!

Tena sikuiba wala sikupigana. Nilifukuzwa kwa kosa la bomba.

Bweni letu la wasichana halikuwa na maji. Tulikuwa tunaamka saa kumi alfajiri kwenda kuchota kisimani, huku nyumbani kwa mkuu wa shule maua yanamwagiliwa mpaka yanataka kujifunza kuogelea.

Nikiwa kidato cha tatu, uvumilivu ukanishinda. Nikaazima spana kwa fundi wa shule, nikachimba, nikalikata bomba la mkuu, nikaliunga mpaka bwenini, nikafukia vizuri. Wiki nzima wasichana tunaoga huku tunaimba. Mkuu anaoga kwa kopo.

Ningenyamaza ningemaliza shule. Lakini mdomo wangu huu! Nikajisifu kwa mmoja, akamwambia mwingine, kesho yake niko getini na godoro kichwani.

Mama aliumia, nyie. Tangu siku ile mtu akimuuliza, "Binti yako alisoma mpaka wapi?" anashikwa na kikohozi. Miaka ishirini na miwili anakohoa.

Sasa nilipomwambia shule inanipa tuzo, alipiga kigelegele kuku wa jirani wakakimbia. Kufikia jioni mtaa mzima una habari, hata wale tusiosalimiana nao. Akashona gauni. Akaita shangazi, akaita mama mdogo.

"Mama, punguza kidogo."

"Nimepunguza miaka ishirini na miwili. Niache."

Jumamosi tukafika. Ukumbi umejaa, sisi tumekaa safu ya pili, shangazi anajipepea kwa ratiba. Nikaichukua ile ratiba nisome mahali pangu.

"Namba 417. Daktari bingwa wa moyo."

Hee! Moyo wangu nao ukataka daktari.

Ndipo akili ikanirudi. Shule ile mwanafunzi akiondoka, namba yake anapewa anayefuata kuingia, ili daftari lisiwe na pengo. Kumbe nilipofukuzwa, namba yangu ilipata mwenyewe mpya, na mwenyewe huyo akawa bingwa. Karani kachanganya mafaili, kanipigia mimi.

"Mama," nikanong'ona, "tumbo linanisokota. Twende nyumbani."

"Litasokota ukishashuka jukwaani."

Wa kwanza kuitwa alikuwa mkuu mstaafu, yule yule aliyenifukuza. Tulikuwa tunamwita Radi. Akapewa ngao yake, nikampigia makofi ya ncha za vidole. Akafuata mama mpishi, miaka thelathini jikoni, ukumbi mzima ukasimama. Hata mimi nilisahau shida zangu nikapiga mluzi.

Kisha mshereheshaji akasema, "Namba mia nne kumi na saba!"

Sikusimama. Mama akanipiga kiwiko cha mbavu, nikajikuta nimesimama. Na upande wa pili wa ukumbi, mwanamke mwenye miwani naye kasimama.

Mshereheshaji akaangalia karatasi, akatuangalia, akarudi kwenye karatasi.

Nikamtazama mama. Bado anatabasamu, maskini, hajui kitu. Nikaona kuliko watu waje kunitoa jukwaani yeye anaangalia, bora aibu nijitie mwenyewe.

"Samahanini," nikasema kwa sauti. "Namba hii ilikuwa yangu, ila nilifukuzwa. Mwenye tuzo ni huyo dada. Mama, nisamehe."

Mama akaanza kukohoa. Kikohozi kile kilinikata maini.

Yule mwenye miwani akapanda jukwaani, akachukua kipaza sauti.

"Dada, usikae. Mimi ndiye niliyepewa namba yako. Nikapewa na kitanda chako. Nilipofika, wakubwa wakaniambia, hapa ulipo alilala aliyetuletea maji."

Watu wakaanza kugeuka.

"Mkuu aliagiza bomba lile libomolewe. Fundi wa shule akachimba siku tatu, akasema halioni. Mkuu akachoka, akavuta bomba jingine kwake. La kwetu likaendelea kutoa maji. Linatoa mpaka leo."

Mzee mmoja mwembamba kule nyuma akainamisha kichwa kwa aibu. Fundi wa shule! Kumbe aliliona siku ya kwanza.

"Wenzetu waliotutangulia waliamka saa kumi kwenda kisimani," daktari akaendelea. "Sisi saa hizo tulisoma. Nilipoambiwa nitapewa tuzo, nikasema siipokei peke yangu. Jina la dada nililijua kwa wakubwa wale, simu yake nikaitoa kwenye tangazo lake la ufundi, nikampa karani. Ila ratiba zetu mnazijua, kila namba ina mstari mmoja."

Akainua ngao. Zilikuwa mbili.

Nyie, nililia. Nililia mpaka kamasi, na bado nacheka. Shangazi kapanda juu ya kiti. Mama kikohozi kimekata, anamwambia kila aliye karibu, "Ni wangu huyo! Nimemzaa mimi!"

Kisha nikamwona Radi anakuja na mkongojo wake, taratibu. Kila mtu anajua mzee anakuja kuomba radhi, wengine wameshashika leso.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akasafisha koo. "Binti, bafuni kwangu maji yanadondoka tu. Mafundi watatu wameshindwa. Jumatatu una nafasi?"

Kabla sijafungua mdomo, mama akaingia katikati.

"Jumatatu amejaa, mwalimu. Fundi wangu ana watu. Utapanga foleni."

Ukumbi ulipasuka. Radi mwenyewe alicheka mpaka akashikiliwa asianguke. Nikampa Alhamisi.

Ndugu zangu, wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nilisaidiwa kwenda zangu, nikasindikizwa na mlinzi kabisa. Lakini wema wenyewe ulibaki, ukafanya kazi miaka yote ile bila mimi kujua, na wakati huo mimi nalala nikiwaza nimemharibia mama maisha. Kwa hiyo ukifukuzwa mahali kwa jambo jema, ondoka umenyoosha shingo. Na kama una mama kama wangu, mwachie yeye kitabu cha wateja.